Jina la Marehemu na Vitabu Vyake

Wasomaji wengi wamepata kuliona jambo hili. Mtu amekwisha kuzikwa, matanga yameondolewa, na ndugu wadhani kwamba shughuli imetimia. Kumbe ndipo inapoanza shughuli nyingine, nayo ni ya karatasi. Benki yataka cheti cha kifo. Mfuko wa pensheni wataka cheti hicho pamoja na barua ya mahakama. Mahakama nayo yataka muhtasari wa kikao cha ukoo. Kijijini wauliza ni nani atakayeandikwa sasa katika shamba. Watu huchoka, wakasema: Aliyekufa ni mmoja, mbona twaulizwa habari zake mahali pengi hivi? Neno hili si la kijinga. Lakini kila mahali pana swali lake, na kila swali lilizaliwa kwa wakati wake. Asiyejua yalivyozaliwa hudhani ni swali moja tu, naye aulizwa mara nyingi ili asumbuliwe. Basi yafaa tutazame habari za Matombo katika milima ya Uluguru, tuone jinsi jina la marehemu lilivyoingia katika kumbukumbu moja baada ya nyingine.

Swali la kale kuliko yote ni lile la ukoo. Matombo, kwa lugha ya Kiluguru, maana yake ni maziwa ya mama, nalo ni jina lililotokana na mawe ya mahali hapo. Na jina hilo lafaa sana, maana Mluguru huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Ukoo huo huitwa lukolo, na mkubwa wake katika ardhi huitwa mndewa. Ardhi ya ukoo haikuwa mali ya mtu mmoja. Mtu aliilima kwa sababu ni mtoto wa ukoo. Mgeni aliyepewa mahali pa kulima alitoa ngoto, yaani kitu kidogo cha kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Na watoto wa mwanamume, kwa kuwa wao ni wa ukoo wa mama yao, walilima kwa baba kwa ruhusa tu. Baba akifa, wenye ukoo waweza kuja na kusema kwamba ruhusa imekwisha.

Katika desturi hiyo, mtu akifa, hasa akiwa mkubwa, swali la kwanza lilikuwa: Nani atachukua jina lake? Aliyechaguliwa, mara nyingi mtoto wa dada wa marehemu au ndugu wa tumbo moja, alilichukua jina pamoja na heshima yake, deni lake na ulinzi wa watu wake. Mfano unaojulikana sana ni Kingalu wa Kinole, bwana wa mvua, ambaye jina lake limepokewa na mtu mmoja baada ya mwingine kwa vizazi vingi. Mtu akiuliza Kingalu alikufa mwaka gani, hana budi aulizwe kwanza, Kingalu yupi? Hapo hapakuhitajiwa karatasi. Mashahidi walikuwa watu waliohudhuria, na watani walikuwapo kusema wazi yale ambayo wafiwa waliona haya kuyasema.

Kitabu cha kwanza kuandika kifo cha mtu wa kawaida katika nchi hii kilikuwa cha misioni. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walianzisha misioni ya Matombo mwaka 1897, nao walikuja na desturi ya vitabu ambayo kwao ilikuwa ya zamani. Mtaguso wa Trento uliagiza mwaka 1563 kwamba paroko aandike ndoa na ubatizo; na kitabu cha ibada cha Kirumi cha mwaka 1614 kiliongeza kitabu cha wafu. Katika kitabu hicho huandikwa siku ya kufa, jina la marehemu, wazazi wake, umri wake, kama alipata sakramenti za mwisho, na mahali alipozikwa. Tuangalie jambo hili vizuri. Mwanamke wa mlimani, asiye na cheo wala mali, jina lake liliandikwa pamoja na siku yake ya kufa, miaka mingi kabla ya Serikali yoyote kutaka kujua kwamba amekufa. Lakini kitabu hiki chauliza habari za roho. Hakisemi neno juu ya minazi yake, wala deni lake, wala nani akae katika nyumba yake. Na aliyekufa bila ubatizo hayumo.

Serikali ya Wajerumani ilipoanza kuandika majina ya Waafrika wengi, iliwatafuta walio hai, kwa ajili ya kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Katika daftari ya kodi, kifo ni hesabu iliyopungua, basi. Na madhara ya kutoandika wafu yalionekana wazi vita ilipokuja.

Mwezi wa Agosti 1916 Wajerumani waliuacha mji wa Morogoro, na Waingereza wakauingia tarehe 26. Kisha jeshi moja la Waingereza lilishika njia ya mashariki ya milima, likipita Matombo na Tulo kwenda Kisaki. Njia ile ilikuwa mbaya, mvua ikaifanya kuwa matope, farasi na nyumbu wakafa kwa mbung'o. Hata mzigo wa unga na risasi ukawa juu ya vichwa vya watu. Hao ndio wapagazi wa Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, na ambalo Dar es Salaam walitaja hata leo bila kukumbuka asili yake. Wapagazi walikufa zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Hesabu ya Waingereza wenyewe ilikaribia wafu 45,000 kwa upande wao tu, na wanahistoria wengi waona kwamba hesabu hiyo ni ndogo.

Kusini ya Kisaki, pale Beho Beho, aliuawa Kapteni Frederick Courteney Selous tarehe 4 Januari 1917. Kaburi lake lajulikana, lina jiwe, na jina lake lilipewa mbuga kubwa ya wanyama. Mpagazi aliyebeba unga kwenye njia iyo hiyo, akafa wiki iyo hiyo, kaburi lake halijulikani. Sitaki kusema kwamba Kapteni hakustahili jiwe lake. Nataka kusema kwamba tofauti yao haikuwa heshima tu, bali na fedha. Mshahara wa mpagazi aliyekufa ulikuwa haki ya ndugu zake. Lakini ili walipwe ilipasa jina lionekane katika daftari, pamoja na kijiji na jamaa zake. Majina yaliandikwa vibaya na makarani wasiojua lugha, au mtu alijitaja kwa jina moja kambini na jina jingine kwao, au hakuandikwa kabisa kwamba amekufa. Kwa hiyo mishahara ya wengi haikufika nyumbani. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kukiri kwamba watu 116,000 kwa uchache, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Zilikuwa zimepita miaka zaidi ya mia.

Baada ya vita Waingereza walitunga sheria ya kuandikisha vizazi na vifo katika Tanganyika, mwaka 1920. Mtu angedhani kwamba hapo ndipo majina yetu yalipoingia. La. Sheria ile iliwalazimu Wazungu na watu wa asili ya Asia, Mwafrika haikumlazimu. Hakukatazwa, lakini asiyelazimishwa hakutafutwa, na mwenye kufiwa milimani hakuona sababu ya kushuka Morogoro kwa miguu kumwambia karani habari ambazo karani hakuzitaka. Ndiyo maana kwa miaka mingi Mkristo wa Matombo aliyetaka kuthibitisha siku aliyokufa baba yake alikwenda kwa paroko. Baada ya Uhuru wajibu wa kuandikisha ulienezwa kidogo kidogo kwa Waafrika, sehemu baada ya sehemu. Kazi hii ilikuwa ya Kabidhi Wasii Mkuu, na tangu mwaka 2006 imekuwa ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Sasa tuseme mtu amekufa kijijini. Akifia hospitali, hospitali hutoa taarifa ya kifo. Akifia nyumbani, ndugu humwendea afisa mtendaji. Hapo hupatikana kibali cha kuzika. Watu wengi hukihifadhi kibali hicho kwa uangalifu mkubwa wakidhani kwamba ndicho cheti cha kifo, nacho sicho. Kibali chasema, zikeni. Cheti chasema, Serikali imeandika kwamba huyu amekufa siku fulani, mahali fulani, kwa sababu fulani. Ili kukipata, kifo chapasa kuandikishwa kwa RITA wilayani, na sheria yataka habari itolewe ndani ya siku 30. Baada ya hapo bado yawezekana, ila ushahidi zaidi hutakiwa, na ada huongezeka. Anayepasa kutoa habari ni jamaa wa karibu aliyekuwapo au anayejua. Haingojwi mpaka mkubwa wa ukoo arudi kutoka safari.

Jambo linalowakwamisha wengi hapa ni jina. Mtu mmoja aweza kuwa na jina la ubatizo katika kitabu cha misioni, jina la nyumbani ambalo kijiji kizima walijua, jina alilolipokea kwa mjomba wake aliyekufa, na tena jina lililoandikwa kwa herufi nyingine katika kitambulisho cha taifa. Ukoo haupati shida, maana wote wamjua. Lakini karani aona watu wanne. Ni shida ile ile ya mpagazi wa mwaka 1916, imerudi kwa namna nyingine. Dawa yake ni hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, ya kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja. Na katika kesi ya namna hiyo nakala ya kitabu cha ubatizo au cha ndoa yaweza kusaidia sana. Ni rahisi zaidi mtu kuyalinganisha majina yake akiwa hai.

Cheti cha kifo hakimpi mtu mali. Hilo ni swali la mahakama, na hapa historia yetu ni ngumu kidogo, nami naomba msomaji anifuate polepole.

Mwaka 1963 mahakama za wenyeji za siku za ukoloni ziliondolewa, zikaja Mahakama za Mwanzo. Mwaka huo huo Serikali ilitangaza kwa chapa sheria za kimila juu ya urithi, zilizokusanywa hasa kwa kazi ya Hans Cory, mtaalamu wa mila wa Serikali. Lakini sheria zile zilikusudiwa makabila yafuatayo ukoo wa baba. Waluguru, kwa kuwa wafuata ukoo wa mama, mila yao haikuwamo. Hakimu wa Uluguru anayetaka kuijua hana budi awasikilize wazee, nao wazee, kama ijulikanavyo, hawasemi sawasawa siku zote, hasa pakiwa na shamba zuri katikati.

Tena Mkristo ana jambo lake. Katika mwaka ule ule wa 1920 Waingereza walileta Tanganyika sheria kadhaa za Bara Hindi, mojawapo ikiwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Wahindi wenyewe waliiondoa mwaka 1925 wakatunga nyingine. Kwetu ilibaki, ikapita Uhuru, na mahakama zimeitumia kwa mirathi ya Wakristo ambao hawakuishi kwa mila. Kwa sheria hiyo, mume akifa bila wosia na kuacha mjane na watoto, mjane hupata theluthi moja, na watoto hugawana theluthi mbili kwa usawa, wa kiume na wa kike. Linganisha na desturi ya lukolo, ambayo humtazama mtoto wa dada kabla ya mtoto wa marehemu! Mjane mmoja aweza kubaki nyumbani kwake au kutoka, kwa kadiri ya sheria itakayotumika.

Ni ipi basi itakayotumika? Ubatizo peke yake hauamui. Mahakama hutazama maisha ya marehemu na nia yake: aliishi vipi, alifuata nini, alionyesha kwamba ataka mambo yake yatengenezwe kwa njia gani. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, ile ya 1963 na ile ya 1984 iliyoifuata, iliipa Mahakama ya Mwanzo mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Majaji wa Mahakama Kuu wamepata kuyafuta mashauri ya mirathi ya Wakristo, baada ya miaka na gharama, kwa sababu tu yalifunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo nayo hayakuwa ya mila. Kwa hiyo swali la kumwuliza karani wa mahakama kabla ya kulipa ada yoyote ni hili: Je, shauri la marehemu huyu lapasa kufunguliwa hapa? Aliyeandika wosia mbele ya mashahidi wawili, na kumtaja humo mtu wa kuutekeleza, amewaondolea watu wake sehemu kubwa ya mashaka haya.

Palipo na Mahakama ya Mwanzo, mwendo wake ni huu. Ukoo au familia hukutana, huchagua mtu, na kuandika muhtasari wenye sahihi za waliohudhuria. Mtu huyo hupeleka ombi pamoja na cheti cha kifo. Mahakama hubandika tangazo ili mwenye pingamizi aseme. Pasipo pingamizi, au likisha kuamuliwa, mahakama humpa barua ya usimamizi, iitwayo Fomu Na. IV. Mjane mwenye cheti cha ndoa asikose kwenda na cheti chake, na asikubali kuambiwa kwamba kikao ni cha wanaume wa ukoo tu. Yeye ana haki ya kuomba, na ana haki ya kupinga.

Hapa ndipo penye kosa ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko yote. Watu husema, fulani amerithi. Wauza shamba, wahamisha mjane, wachukua fedha ya benki, kwa sababu fulani amerithi. Lakini katika neno hilo moja wamejificha watu watatu. Yuko aliyechukua jina la marehemu kwa desturi ya ukoo; huyo amepokea heshima na ulinzi, wala mahakama haimjui kwa sababu hiyo. Yuko msimamizi wa mirathi, aliyepewa Fomu Na. IV, huyo ni mtumishi tu, wa kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Na wako warithi, ambao ndio wenye mali. Mara nyingine mtu mmoja ni yote matatu. Mara nyingi sivyo. Msimamizi anayekula mali kwa kuwa ana barua ya mahakama ni kama karani wa duka anayejiita mwenye duka kwa kuwa ufunguo uko kwake.

Tena mali yenyewe yataka kupambanuliwa, na katika Uluguru kazi hii ni kubwa kuliko kwingine. Shamba ambalo marehemu alililima kwa kuwa ni mtoto wa lukolo si sawa na kiwanja alichokinunua kwa fedha yake. Mikarafuu, minazi na michungwa aliyoipanda kwa mikono yake ina swali lake pia, hasa ikiwa imesimama katika ardhi ya watu wengine. Nimeona makosa ya pande zote mbili: watoto walioandika ardhi ya ukoo mzima kuwa mali ya baba yao, na wajomba waliochukua kiwanja kilichonunuliwa mjini kwa kusema kwamba chote cha marehemu ni cha lukolo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yatambua ardhi iliyoshikwa kwa mila, na kijiji chaweza kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Lakini sheria hiyo hiyo yasema kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kupata au kutumia ardhi haina nguvu. Basi mjomba aweza kuisimamia ardhi ya ukoo. Hawezi kusema kwamba binti hana neno kwa sababu ni binti.

Mahali pa kuyaandika haya yote ni Fomu Na. V, ambamo msimamizi huorodhesha mali na madeni ya marehemu, na Fomu Na. VI, ambamo huonyesha alivyogawa. Kwa kanuni za mwaka 1971 Fomu Na. V yapasa kurudishwa katika Mahakama ya Mwanzo ndani ya miezi minne tangu kupewa usimamizi, isipokuwa mahakama imeongeza muda, na Fomu Na. VI huifuata kwa nyakati zitakazowekwa na mahakama. Miezi minne hupita upesi. Mrithi yeyote, hata mtoto aliye Dar es Salaam au bibi asiyejua kusoma, aweza kwenda kwa karani wa mahakama, kulitaja jina la marehemu, na kuuliza kama fomu hizo zimekwisha kuletwa.